Maji Yaliyomchelewea Wangechi

Ngozi iliyolowa ina harufu ambayo siwezi kuisikia nikabaki nilipo. Juzi nilikuwa Nyeri mjini, nimempelekea fundi viatu vyangu anishonee soli, na kando ya kiti chake alikuwa ameweka karai la maji lenye vipande vya ngozi. Harufu ikanijia, nzito, ya ng'ombe na ya mvua, nikajikuta nimeshika paji la uso kama mtu anayetafuta kitu pale. Fundi akaniuliza kama kichwa kinaniuma. Nikamwambia hapana, nimemkumbuka tu dada yangu.

Ilikuwa harufu ya mukwa, ule ukanda wa ngozi ambao mama zetu walifungia mzigo mgongoni, kisha wakauegemeza kwenye paji la uso na kupanda mlima wakiwa wameinama kama watu wanaotafuta sindano iliyoanguka. Mukwa wa kubebea maji haukukauka hata siku moja. Ulining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni, ukitoa matone, na ukiuvaa asubuhi ulikuwa baridi kiasi kwamba usingizi wote ulikukimbia.

Kijiji chetu kilikaa juu ya mgongo wa kilima upande wa Tetu, na mto ulikuwa chini kabisa bondeni. Ukisimama mlangoni kwetu uliusikia wazi, hasa asubuhi kabla kuku hawajaanza fujo zao, na mgeni angedhani uko karibu. Njia ya kwenda huko ilikuwa ya udongo mwekundu, na mvua iliponyesha iligeuka sabuni. Kushuka ulishuka kwa makalio, ukipenda usipende. Kupanda, kila mtu na Mungu wake.

Leo nikiwaeleza wajukuu wangu namna tulivyotumia maji hayo, wanacheka. Maji yaliyoosha viazi yaliosha miguu, na yaliyoosha miguu yalimwagwa kwenye shina la mgomba, ambao ulinenepa kuliko sisi. Sare za shule zilifuliwa Jumamosi kule kule mtoni, zikaanikwa juu ya vichaka, tukakaa tunazingoja tukiwa tumejifunga mashuka. Mama alikuwa na msemo wake, kwamba mgeni anayeomba maji ya kuoga hakufunzwa kwao. Na tuliumwa tumbo. Tuliumwa tumbo mara nyingi hata tukadhani ndivyo matumbo yalivyo. Ng'ombe walikunywa mto huo huo juu ya pale tulipochota, na watu wa ng'ambo walifua juu zaidi ya ng'ombe.

Tulikuwa watoto watatu. Wangechi alikuwa wa kwanza, mimi Nyambura nikamfuata kwa mbali, halafu Kariuki, aliyekuwa bado ananyonya. Baba alikuwa fundi wa mawe, akijenga nyumba za watu Nyeri mjini, na tulimwona Jumamosi jioni na Jumapili. Hata angekuwapo kila siku isingesaidia, kwa sababu mwanamume kubeba maji mgongoni siku hizo kilikuwa kichekesho cha kusimuliwa sokoni mwezi mzima. Maji yalikuwa ya mama, na ya Wangechi kabla ya shule na baada ya shule. Mimi nilikuwa na kifua kibovu, nikakabidhiwa kibuyu kidogo cha kujifurahisha.

Wangechi alikuwa darasa la saba, mwaka wa mtihani. Simsifu kwa sababu ni dada yangu. Mwalimu wake, Mwalimu Wekesa, mtu mrefu aliyetoka upande wa Bungoma na asiyejua neno la Kigikuyu isipokuwa la kukataa chai ya pili, alikuwa akimwita mbele awasomee wenzake. Nyumbani alinifundisha hesabu kwa punje za mahindi, huku anapika, na nikikosea alizitumbukiza punje zile kwenye sufuria akasema, "Hizo umezipoteza, sasa tutazila."

Mama alianguka wakati wa mvua za masika. Alikuwa akipanda na pipa lililojaa, mguu ukateleza, akaenda chini na pipa likampita juu ya paja. Wanawake waliokuwa nyuma yake walimbeba kwa blanketi hadi barabarani, wakalia njia nzima, yeye asilie. Hospitali ilimrudisha baada ya muda, mguu umefungwa plasta nyeupe kuanzia nyonga hadi vidole. Alilazwa kwenye kitanda cha sebuleni, Kariuki akiwa kifuani mwake, na jambo la kwanza aliloomba lilikuwa maji ya kunywa. Hayakuwapo.

Jumapili ile mchana baba alitukalisha mimi na Wangechi. Aliweka kofia yake gotini akawa anaizungusha.

"Mmoja wenu itabidi abaki nyumbani kidogo," alisema. "Mpaka mguu wa mama yenu upone. Ni wiki chache tu."

Alinitazama mimi, halafu akamtazama Wangechi. Nilikuwa nimeshika kikombe cha uji, na nakumbuka nilikuwa nikitazama utando ukijikunja juu yake.

"Nitabaki mimi," Wangechi akasema.

Baba akaacha kuizungusha kofia. "Vizuri," akasema, akashusha pumzi. Mama aligeuzia uso ukutani. Na mimi, msomaji wangu, nilichohisi ni furaha. Kesho ningekwenda shule. Niliumaliza uji wangu, na ulikuwa mtamu.

Mwalimu Wekesa alikuja kabla wiki haijaisha. Alisimama mlangoni, amevua kofia, matope yamemfika magotini, akazungumza na mama kwa Kiswahili kwa sababu hawakuwa na lugha nyingine.

"Mama Wangechi, huyu mtoto ndiye wa kwanza darasani. Mtihani hauko mbali."

"Mwarimu, hata mimi nataka asome," mama akasema. "Rakini maji nitatoa wapi? Niko na mtoto ya kunyonya, na mguu ni moja."

Wangechi aliingia wakati huo, pipa mgongoni, maji yakimchuruzika hadi kisiginoni. Aliliegemeza pipa ukutani, akauvua mukwa, na kwenye paji lake la uso kulikuwa na alama nyekundu, pana kama kidole gumba.

"Mwalimu, nimeamua mwenyewe," alisema kwa Kiswahili safi cha darasani.

Mwalimu alivaa kofia yake. Kisha akamwachia kitabu cha hesabu alichokuja nacho, akateremka kilima. Kitabu kile ndicho nilichokisomea mimi baadaye.

Wiki chache zikawa miezi. Mguu ulipona vibaya, mama akawa anachechemea, na daktari akamkataza mzigo wa mgongoni. Mtihani ulifanywa. Siku hiyo Wangechi alikwenda mtoni mara nyingi kuliko kawaida, akajaza kila chombo nyumbani, hata sufuria ya kuokea ambayo hatukuwa tukiitumia, na jioni akaketi nje kwenye gogo akitazama barabara ambayo wenzake walipitia wakirudi, wakipiga kelele. Niliketi karibu naye. Nilitaka kumwambia kitu lakini sikukijua, basi nikamwambia nina njaa. Akainuka akanipikia.

Mwaka uliofuata ndipo habari za maji ya bomba zilipoanza. Nchi ilikuwa bado changa na kila kitu kilikuwa harambee: shule harambee, zahanati harambee, hata mtu akikwama na gari matopeni watu walipiga kelele hiyo hiyo wakasukuma. Juu yetu, kwenye ukingo wa msitu wa Nyandarua, kulikuwa na chemchemi, na mkutanoni tuliambiwa maji yake yanaweza kushuka yenyewe hadi milangoni kwetu, bila mashine, kama tungechimba mtaro wa kulaza mabomba. Mzee mmoja aliuliza kama maji hayo yatajua njia. Watu walicheka, lakini nadhani wengi wetu tulikuwa na swali hilo hilo.

Kila nyumba ilipewa kipande chake cha mtaro. Baba alikuwa mjini. Mama alikuwa na mguu wake. Mimi nilikuwa shule. Kipande chetu alikichimba Wangechi.

Nilikuwa nikimwona nikitoka shuleni. Alikuwa amezama mtaroni hadi kiunoni, kitambaa kichwani, akirusha udongo mwekundu juu ya bega. Alikuwa na nguvu. Alimaliza kipande chetu akawasaidia wajane wawili wa karibu na kwetu. Na huko mtaroni alicheka, kwa mara ya kwanza tangu mama aanguke, kwa sababu kulikuwa na vijana wengine, nyimbo, na viazi vya kuchoma saa za kupumzika. Kulikuwa pia na Muriuki, kijana mpole kutoka upande wa Kerugoya, msaidizi wa fundi wa mabomba. Alikuwa na namna ya kulisikiliza bomba kwa kuweka sikio juu yake, na Wangechi alikuwa akimwigiza jikoni, akiweka sikio kwenye sufuria, mpaka mama akacheka na kushika nyonga yake iliyouma.

Maji yalifika asubuhi moja ya kiangazi. Tulikuwa tumezunguka mfereji uliosimamishwa kwenye kona ya shamba letu, kijiji kizima. Fundi akaufungua. Ulikohoa. Ukatoa hewa, ukatema tope jekundu, watu wakarudi nyuma wakilalamika kwamba tumedanganywa, halafu yakaja, meupe, kisha safi, kwa nguvu iliyoling'oa karai mikononi mwa mtu. Wanawake walipiga vigelegele. Mzee aliyeuliza swali alilowesha kofia yake akaivaa. Watoto tulisukumana kuingia chini, tukanywa mpaka matumbo yakaning'inia, na hakuna aliyeumwa.

Wangechi alikuwa miongoni mwa watu wa mwisho kusogea. Alitia kiganja, akayaacha maji yampite katikati ya vidole.

"Ni baridi kuliko ya mto," alisema. Basi.

Mama alimtazama, akautazama mfereji, akaingia ndani. Nilidhani amekwenda kuleta debe. Hakutoka tena mpaka jioni.

Nataka uelewe vizuri maji hayo yalitufanyia nini, kwa sababu watu waliozaliwa na mfereji hawajui. Asubuhi zilirefuka. Niliamka, nikanawa uso, nikafungua kitabu. Miguu yangu ilikuwa mikavu. Jioni mama alipika mapema, taa ikawa yangu. Mama alipanda kabeji na vitunguu kando ya nyumba, akauza, akapata ng'ombe wa gredi, wa maziwa mengi, ambaye hangeweza kamwe kushuka mtoni. Matumbo yalitulia. Kariuki hakujua kuharisha kulivyo, naye akakua mnene, mwenye kelele. Sare yangu ilifuliwa kila siku niliyotaka, na walimu wakanifanya mfano mbele ya wengine: tazameni kola ya Nyambura. Nilijivunia kola hiyo. Mtaro uliopitisha maji yake ulikuwa umefukiwa, nyasi zimeota juu, na mtu angeweza kuukanyaga asijue.

Baba alimwambia Wangechi anaweza kurudi shule. Alisema kwa moyo mweupe, nadhani. Wangechi alitoa sare yake ya zamani sandukuni, akaijaribu chumbani kwetu, mimi nikimshikia kioo. Haikupita mabegani. Si kwamba alikuwa amenenepa, la. Ni mabega yenyewe, yalikuwa yamepanuka kwa mapipa na koleo. Aliivuta, mshono ukatoa sauti, akaacha. Aliikunja, akainyoosha vizuri kwa kiganja, akanipa.

"Itakutosha mwaka ujao," alisema.

Hakuna aliyezungumza juu ya kushona nyingine. Aliolewa na Muriuki baada ya mavuno. Walipata shamba la mpunga karibu na Wang'uru, na siku alipoondoka mama alilia hadharani, jambo ambalo hakulifanya hata alipovunjika mguu. Nilivaa sare ile mwaka uliofuata, na nikaivaa siku ya mtihani wangu. Nilipita. Nilikwenda shule ya bweni, kisha chuo cha ualimu, na kila mahali watu waliniambia kwamba nina bidii.

Nilikuwa karibu kumaliza chuo nilipokwenda kukaa na Wangechi likizo nzima. Wang'uru si Nyeri. Nchi ni tambarare, jua ni kali, na maji yako kila mahali: mashambani, mitaroni, barabarani, kila mahali isipokuwa kwenye kikombe. Maji ya kunywa waliyachota kwenye mtaro wa mpunga, yana rangi ya chai ya maziwa. Wangechi aliyachuja kwa kitambaa, akayachemsha, akayapoza, akaniwekea kwenye birika langu peke yangu. Watoto wake, Muthoni na wadogo zake, walikunywa yasiyochemshwa, kuni hazikutosha. Nilipogundua nilimwambia nitakunywa yao. Alinikatalia.

"Wewe tumbo lako limezoea vizuri," alisema, bila uchungu wowote, kama mtu anayesema fulani ni mrefu.

Nilikunywa maji yake. Kila kikombe kilipita kooni kama kitu nilichoiba, ingawa sikuwa nimeiba, na mtu yeyote mwenye akili angeniambia hivyo. Nilishajiambia mwenyewe mara nyingi. Sikuumwa tumbo la maji likizo nzima, lakini sikulala vizuri.

Siku moja tulikwenda mkutanoni. Huko nako walikuwa wameanza harambee ya bomba. Mwenyekiti, mtu mwenye sauti nzuri, alieleza kila kitu vizuri, kisha akasema kila nyumba itoe mtu mmoja wa kuchimba.

"Najua huu ni wakati wa kupalilia mpunga," alisema. "Kwa hivyo si lazima awe mama au baba. Hata hawa wasichana wanaweza kutoka shule kidogo. Ni wiki chache tu."

Watu waliitikia kwa vichwa. Lilikuwa jambo la busara. Nami mwalimu mtarajiwa niliketi pale kwenye nyasi nikaona ni la busara.

Wangechi aliinuka. Alikuwa na mtoto mgongoni, akamsogeza vizuri kwanza.

"Muthoni wangu hachimbi," alisema. "Ako na shule."

"Mama Muthoni, nimesema wiki chache."

"Nimesikia. Kipande changu nitachimba mimi, na mpunga nitapalilia mimi. Kikibaki cha mtu mwingine, nitachimba pia. Lakini mtoto, hapana."

"Sasa hata mtoto mwenyewe akitaka kusaidia wazazi?"

"Hata akitaka," Wangechi akasema. "Hata akisema mwenyewe kwamba ametaka. Mwambieni hapana."

Mwanamke mmoja nyuma akasema wa kwake pia hatachimba. Halafu mwingine. Mwenyekiti alikuna shingo, akasema basi, watu wazima peke yao.

Tulirudi nyumbani tukipita juu ya kingo za mpunga, mmoja nyuma ya mwingine, vyura wakiruka majini mbele yetu. Nilimwambia amesema vizuri. Tulipofika penye upana wa kutembea pamoja alikuja kando yangu.

"Siku ile baba alipotuita," alisema, "unajua kwa nini nilisema nitabaki?"

"Kwa sababu ya kifua changu," nilisema. Ndivyo nilivyojua siku zote. Ndivyo nyumbani kwetu ilivyosimuliwa: Wangechi mwenye moyo mkubwa.

"Nilikuwa nangoja aseme hapana." Alimpigapiga mtoto mgongoni. "Nilisema ili akatae. Niliona kama nikisema mwenyewe, atashtuka. Baba au mama, yeyote. Mwalimu alikataa, lakini mwalimu alikuwa mtu wa nje. Nilikuwa nangoja mtu wa nyumbani."

"Nilikuwa mdogo, Wangechi."

"Najua. Sikulaumu." Alitembea kidogo. "Lakini nilikutazama hata wewe."

Bomba lilifika Wang'uru kwao baada ya muda mrefu wa kusuasua, Muthoni akasoma, Wangechi akazeeka vizuri miongoni mwa wajukuu. Hatukulizungumza jambo hilo tena. Alikuwa amelisema likaisha, kwake.

Mimi nilifundisha miaka mingi, mashule ya huku milimani, na kila mahali nilikutana na wasichana wa mvua na kiangazi, wale wanaopotea darasani kisima kikikauka au mama akijifungua. Nikiwafuata walikuwa na jibu moja, kwa sauti ya upole, macho chini: "Nimeamua mwenyewe, mwalimu. Si kitu." Utotoni nilidhani mtu akisema hivyo basi amesema. Ningemsifu moyo wake, nikaenda zangu.

Sasa sikwenda zangu, wala sikubishana nao. Nilikuwa nachukua koti langu, namwomba mtoto anionyeshe njia ya kwao, na mlangoni, kabla sijasalimu vizuri, nawaambia waliomo ndani kwamba mimi ni mtu wa nje tu, nimekuja kuwaomba wao wenyewe waseme hapana. Wengine walisema. Wengine walinipa chai tu. Kila aliyerudi darasani nilifurahi, na furaha hiyo sikuweza kuimaliza, kwa sababu kila mara nilipohesabu vichwa asubuhi, alikosekana mmoja, ambaye ndani ya nyumba yake mwenyewe hakuna mtu aliyemwambia hapana, na mimi nilikuwamo ndani ya nyumba hiyo.